Dakika Kumi Ulizoniomba

Atupele mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko Uyole kwa shangazi yako, unaagwa kwa wali na kuku, na hutarudi mapema kwa sababu shangazi yako hajawahi kumuaga mtu kwa maneno machache. Mimi ni mzima wa mwili. Nimekaa mezani sebuleni. Duka nimelifunga tangu saa tisa mchana, na wateja wawili wameshapiga simu kuuliza kama nimefiwa. Nimewajibu hapana, namsafirisha mtoto aende chuo.

Ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutompa mtu usiyemjua begi lako akushikie ndani ya basi, hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Sitayarudia. Iringa kuna baridi, lakini mtoto aliyekulia Mbeya hafundishwi kuvaa sweta. Ninachotaka kukuambia ni jambo nililolificha mwaka mmoja na nusu. Kesho ukishuka basi pale Ipogolo utakuwa na begi moja la magurudumu na ndoo moja. Sitaki uwe na mzigo wa tatu ambao ni wangu mimi.

Nianze mbali kidogo, maana nikianza katikati nitajitetea.

Unamkumbuka baba yako na simu yake. Kila akirudi na lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, simu imejaa. Alipiga picha mashamba, mizani, wapakiaji, mpaka mbwa wa watu. Akisubiri mzigo alikuwa anajirekodi akiongea peke yake. Akifika dukani Mwanjelwa, hata hajaniambia za hapa, anakuita wewe: "Atu, hamisha hizi, simu imejaa." Nawe unakaa kwenye kompyuta ya duka, unachomeka waya, unamtengenezea mafaili kwa majina ya safari zake. Ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba mnanijazia mashine ya kazi. Hilo nalo nalijutia, ila leo liko chini kabisa ya foleni.

Alipofariki, baada ya kuanua matanga, wazee wakagawa vitu vyake kama desturi ilivyo. Koti huyu, saa yule. Simu ikaenda kwa baba yako mdogo. Naye, kwa nia njema kabisa, akaifuta yote siku hiyohiyo, maana aliona vibaya kutembea na picha za marehemu mfukoni. Nani anabishana na wazee siku kama ile? Tukabaki na zile zilizokuwa dukani tu. Baba yako akabaki chini ya kaunta, katikati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi, na siku nyingine nikifungua asubuhi nilikuwa namsalimia.

Ndiyo maana siku ile niliogopa. Sikuambii ili unihurumie. Nataka tu ujue palikuwa na hofu kabla hapajawa na ukatili.

Ulikuwa kidato cha pili, likizo. Saa ya kompyuta ilikuwa inarudi nyuma, na barua ya mteja mmoja ikatoka na tarehe ya mwaka uliopita, akaja kunifokea. Wewe ukasema, "Mama, ni kale kabetri kake ka ndani kameisha. Kanauzwa pale kwa mtengeneza saa." Ukaenda ukanunua. Ukafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, ukatoa kabetri ka duara, ukaweka kapya. Mikono yako haikutetemeka. Nilikuwa nalaminisha vyeti vya watu huku nakutazama kwa pembeni, nikasema moyoni, huyu ni wa baba yake mtupu. Moyoni, Atu. Ningelisema kwa mdomo labda hata ningeona haya kufanya nilichofanya dakika tano baadaye.

Ukaiwasha. Ikaja skrini ya bluu yenye kauso ka huzuni, ikajizima, ikawaka, ikarudia hivyohivyo. Dukani walikuwapo watu watano, mmoja anasubiri ratiba ya mazishi ya mchana uleule. Nikakuuliza, "Umefanya nini?" Ukanijibu kwa utulivu ambao mimi mtu mzima sikuwa nao: "Mama, nadhani haijaharibika. Kutoa betri kumefuta mipangilio tu. Nipe dakika kumi niangalie."

Nikakuvuta mkono nikakutoa kwenye kiti.

Nikamwita fundi wa korido ya nyuma. Unawajua mafundi wetu. Kompyuta ikikohoa, dawa ni kupiga window. Ikipiga chafya, kupiga window. Mfumo wote unafutwa unawekwa mwingine, basi, mashine inarudi kama mtoto mchanga asiyemjua mtu. Akachomeka flashi yake, akasubiri, akatikisa kichwa. "Mama Atu, hii hadi diski imeshakufa. Hata haionekani. Tuweke nyingine nikupigie window, hutakaa sana." Nikamwuliza na picha je? Akasema, "Picha ndo zimeenda hizo, mama. Pole."

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapojirudia kila siku nikiwa naosha vyombo. Alipoweka diski mpya, hiyo nayo haikuonekana. Mpya, imetoka kwenye boksi mbele yangu! Akaguna, akaingia kwenye ile skrini nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza, akabadilisha kitu kimoja, akatoka, na diski mpya ikaonekana. Mimi niliona kwa macho yangu. Wewe uliona pia, ulikuwa umesimama mlangoni na bisibisi yako mkononi, ukasema taratibu, "Mama, kama hata mpya ilikuwa haionekani, basi ile ya zamani..."

Nikakukata. Mbele ya watu watano na fundi. Nikakuambia, "Nyamaza! Umemuua baba yako mara ya pili."

Nimeiandika kama nilivyoitamka. Nilitaka niilainishe nikaona nitakuwa nadanganya tena.

Hukulia pale. Uliweka bisibisi juu ya kaunta, ukaiweka sawasawa, pembeni ya kalamu, ukaenda nyumbani kwa miguu. Na tangu siku ile, mwanangu, hujagusa kitu cha umeme humu ndani bila kuuliza, "Naruhusiwa?" Rimoti ya televisheni ilipokufa ulimwita jirani aje kubadilisha betri. Betri za rimoti, wewe! Nilikuwa nawaambia watu umetulia, umekua. Uongo mtupu, nilijua ni kitu gani.

Diski ya zamani fundi alitaka aichukue, nikamkatalia. Niliifunga kwenye kipande cha kitenge nikaiweka ndani ya kopo la biskuti lenye cheti cha ndoa na cheti chake cha kifo. Sikuwa na tumaini lolote. Niliiweka tu, maana sikujua mtu anatupaje kitu kama kile.

Mwaka jana masika, ukiwa bweni kidato cha nne, umeme ulituchezea pale Mwanjelwa siku tatu mfululizo, unakuja unakatika. Umeme uliporudi vizuri, nikawasha mashine, na nani ananitazama? Kauso kalekale ka huzuni. Dukani alikuwapo mwalimu mmoja, dada wa makamo anayefundisha sekondari, amekuja kuchapa mitihani. Nikamwambia, mwalimu, pole, diski yangu imekufa tena. Akasema, "Imekufaje mama? Hebu naomba nipite huko."

Akapita nyuma ya kaunta na mkoba wake begani. Akaizima, akaiwasha huku anabonyeza kitufe kimoja juu ya kibodi, akaingia kwenye skrini ileile nyeusi ya fundi. Akanionyesha kwa kidole. Akasema kuna sehemu, kabla Windows haijaamka, ambapo mashine inaambiwa izungumze na diski kwa njia ipi. Yetu ilikuwa imeandika RAID, inatakiwa AHCI. Betri ikiisha, au ikitolewa, au umeme ukichezacheza kama hivi, mashine inasahau ilichoambiwa na kurudia mipangilio ya kiwandani. Diski haijaguswa, iko palepale na kila kitu chake. Inaitwa kwa njia isiyoijua, basi haiitiki. Nikawaza, ni sawa na mtu amsalimie bibi yako wa Tukuyu kwa Kichina. Bibi hataitika, lakini usiende kuchimba kaburi.

Akabadilisha yale maneno, akahifadhi, mashine ikawaka. Hata chai niliyokuwa nimeagiza kwa mama lishe wa jirani haikuwa imeletwa. Aliuliza, "Kwani betri yake iliwahi kubadilishwa?" Nikasema ndiyo, na mwanangu. Akasema, "Alifanya vizuri. Alibakiza tu hatua hii."

Alibakiza tu hatua hii. Nilimchapia mitihani yake yote nikakataa hela, akanishangaa.

Kesho yake nilikwenda dukani na kopo la biskuti. Nikamwomba yule mwalimu apite jioni baada ya kazi, akaja, akachomeka diski ya zamani, akabadilisha asibadilishe, sijui, ila hakukaa hata robo saa. Ikafunguka. Mafaili yako, Atu, kwa majina uliyoyaandika ukiwa darasa la sita. "Baba Mafinga." "Baba Ruaha Mbuyuni vitunguu." "Baba mbwa." Mwalimu aliona uso wangu akaaga haraka, ana akili yule dada. Nikateremsha shata la duka nikafungua sauti moja tu. Yuko pembeni ya mfereji wa vitunguu, vyura wanapiga kelele, anacheka peke yake. Anasema, "Atu, unawasikia hawa? Wamelewa. Mama yako atasema tunamjazia mashine. Mwambie ndaga, mwambie asante sana, namletea vitunguu vizuri." Nililia kwa sauti mpaka muuza mitumba wa jirani akagonga shata.

Mama mwingine yeyote angepanda gari palepale aje shuleni kwako. Mimi nilikwenda siku ya kutembelea, na kuku mzima wa kukaanga na chapati kumi. Ukala, ukaniangalia, ukauliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema ni uchovu. Neno lilikuwa hapa kooni. Nikaona nikikuambia, itabidi nirudi mpaka pale kwenye ile sentensi, na wewe utaitazama tena na mimi nikiwa nimeishikilia mkononi. Nikasema mwezi ujao. Mzazi wa kwetu haombi msamaha kwa mtoto, unajua. Anachinja kuku. Anakununulia soda. Nimekununulia viatu, simu, begi la magurudumu, ukadhani biashara imechanganya. Ilikuwa aibu inafanya manunuzi.

Halafu ikaja Juni, tukaenda Tukuyu kujengea kaburi la baba yako. Hili ndilo ninaloliogopa kuandika kuliko ile sentensi, kwa sababu ile sentensi niliitoa kwa hofu, na hili nililifanya nikiwa nimetulia kabisa. Walitaka picha ya kuweka kwenye ratiba ya ibada. Tulikuwa na ile ya kitambulisho tu, imekuzwa mpaka uso umekuwa ukungu. Shangazi yako akasema mbele ya ukoo mzima, "Jamani, hivi kaka yangu hana hata picha moja anayocheka?" Wewe ukasimama. Una miaka kumi na saba, umevaa sare kwa sababu hukuwa na gauni jeusi. Ukasema, "Shangazi, zilikuwepo nyingi. Nilizipoteza mimi. Mnisamehe."

Mimi nilikuwa na birika mkononi. Picha zilikuwa nyumbani Mbeya, ndani ya kopo, nimeziona kwa macho yangu miezi mitatu nyuma. Ilikuwa nifungue mdomo tu. Nikaendelea kumimina chai.

Shangazi yako alikukumbatia, akasema mtoto usijali, shetani tu. Na mimi nikamwachia shetani.

Sijui utanifanyaje kwa hilo. Sijui hata mimi ningejifanyaje.

Uliponiambia umechagua uuguzi nilifurahi, mpaka nilipokuuliza kwa nini. Ulisema, "Nataka kazi ambayo kabla sijagusa kitu, kuna mtu mkubwa ananiambia gusa." Ulisema ukiwa unakunja nguo, kawaida tu. Nikaenda uani nikajifanya naanua nguo ambazo zilikuwa bado zinachuruzika maji. Sikuambii uache uuguzi. Una mkono mwepesi na moyo mzuri, na bibi yako alipolazwa ni wewe aliyekuwa anakutaka. Ila kama umeuchagua kwa kuogopa mikono yako mwenyewe, basi ni mimi niliyekujazia ile fomu, na hilo nataka ulijue kabla hujaenda kupokea vitanda na wagonjwa.

Na nitakuambia kitu kimoja tu cha baba yako, kwa sababu ni chake si changu. Lori likigoma kuwaka, yeye hakuanza na kelele. Aliuliza, "Mara ya mwisho kimeguswa nini?" Anaanzia hapo, anarudi hatua kwa hatua, na hajawahi kusema gari limekufa mpaka aishiwe pa kurudi. Ulimwangalia ukiwa mdogo, ndiyo maana siku ile ulijua pa kuanzia. Mimi nilimwangalia miaka kumi na minne na siku iliponihusu nikauliza "nani" badala ya "nini". Huko wodini nako itakuja siku kitu kitagoma, na watu wenye hofu watamtafuta mdogo kuliko wote wamnyooshee kidole. Najua wanavyofanana, nimekuwa mmoja wao. Ukiwa wewe ndiye mdogo, waombe dakika zako kwa sauti kubwa kuliko ulivyoniomba mimi. Siku utakapokuwa mkubwa, natumaini utakuwa mwema kuliko mimi, na hiyo wala si kazi ngumu.

Nilipanga barua hii niisokomeze chini ya begi lako pamoja na diski, uikute Iringa, uisome kitandani huko, mimi nikiwa huku mbali na macho yako. Hata kitenge cha kuifungia nilishakikata. Nikafika kwenye habari ya birika nikaona, Mama Atu, unamimina chai tena. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukiingia tu, na nitakaa hapahapa kwenye kiti wakati unasoma. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kunyamaza mpaka kesho stendi, nitakusindikiza tukiwa tumenyamaza. Shangazi yako na ukoo nitawapigia mwenyewe kesho, mmoja mmoja, na sitamtaja shetani.

Utaona kompyuta ya duka iko hapa mezani, nimeileta kwa bajaji nikiwa nimeipakata. Ndani nimerudisha diski ya zamani. Yule mwalimu alinifundisha namna ya kuingia kwenye skrini nyeusi, nami nimeingia, kwa miwani na kwa kuomba Mungu, nikageuza yale maneno yarudi kama yalivyokuwa siku ile. Ukiwasha itakuletea kauso ka huzuni. Usishtuke. Nimeiacha hivyo makusudi, na sijamruhusu mtu mwingine aiguse. Bisibisi yako ipo pembeni ya kalamu, ingawa hutaihitaji.

Geti limelia. Nasikia unavua viatu na unaniita.

Kaa hapa, mwanangu. Chukua dakika zako kumi. Baba yako anasubiri umhamishe, na mimi sitasema neno.

Mama yako